Nani Abebe Mzigo? Somo la Toroli kwa Maduka ya Vikundi



Somo letu la mara hii ni la vikundi vyenye duka, kibanda au stoo ya vyakula. Pia ni la kila mwanakikundi anayeshika pesa za nyumbani na kwenda nazo kununua.

Vikundi vingi vina lalamiko moja: "Watu wetu wenyewe wanapita duka letu, wanapanda matatu kwenda supamaketi mjini." Halafu mkutano unaitwa, na mtu anasimama kusema, "Basi na sisi tutoe kaunta, tuweke shelfu, watu wajichukulie." Kabla ya kuchanga pesa, tuangalie kwanza huo mtindo wa kujichukulia ulitoka wapi, na kile kikapu chenye magurudumu, yaani toroli, kililetwa kufanya kazi gani.

Mmoja wenu asome kwa sauti, polepole. Mkifika kwenye maswali, gawanyikeni watu watano watano.

TUONE

Zamani huko Marekani, maduka ya vyakula yalikuwa kama maduka yetu ya kijijini. Mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, na karani akamletea, akapima, akafunga. Maduka mengi pia yalikopesha na kupeleka vitu hadi nyumbani. Huduma ilikuwa nzuri, lakini makarani walikuwa wengi, na mishahara yao ilitoka ndani ya bei ya sukari.

Mwezi wa Septemba 1916, mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, jimbo la Tennessee. Hapo mteja alichukua kikapu, akapita kati ya shelfu akichagua mwenyewe, kisha akalipa kwa keshia akitoka. Kila kitu kiliandikwa bei. Hakuna kukopa, hakuna kupelekewa nyumbani. Kwa hivyo kazi ya karani ilihamia kwa mteja. Mteja naye alikubali kwa sababu alipata kitu: bei nafuu, na uhuru wa kushika kitu na kukichagua bila kuharakishwa.

Lakini mzigo nao ulihamia kwake. Miaka ishirini baadaye Sylvan Goldman, mwenye maduka mjini Oklahoma City, alitambua jambo dogo. Kikapu cha mkononi kikijaa na kuwa kizito, mteja anaacha kununua, hata kama bado ana pesa na mahitaji. Goldman alitazama kiti cha kukunja akapata wazo. Yeye na fundi wake, Fred Young, walitengeneza fremu yenye magurudumu, ya kubeba vikapu viwili vya waya, kimoja juu na kingine chini. Tarehe 4 Juni 1937 toroli hizo zikawekwa mbele ya wateja.

Kumbe watu walizikataa! Goldman mwenyewe alieleza baadaye kwamba vijana wa kiume waliogopa kuonekana wanyonge, na akina mama walisema wamesukuma vigari vya watoto vya kutosha. Basi akaajiri watu wa rika mbalimbali, wake kwa waume, wazunguke dukani wakisukuma toroli kama wateja. Wengine walipoona, wakazichukua. Mwaka 1946, Orla Watson wa Kansas City alibuni toroli zinazoingiana moja ndani ya nyingine, zisijaze nafasi ya duka.

Tangu hapo kazi imeendelea kuhama. Tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, mashine ya keshia ilisoma kwa mara ya kwanza ile mistari myeusi iliyo kwenye paketi. Kitu cha kwanza kilikuwa chingamu. Keshia hakuhitaji tena kupiga kila bei kwa vidole. Ujerumani, kwenye maduka mengi unatia sarafu ndipo toroli ifunguke, na sarafu unaipata ukiirudisha mahali pake. Hivyo duka halihitaji watu wengi wa kuzikusanya. Siku hizi kuna hata mashine ambapo mteja anajipigia hesabu mwenyewe. Lakini mwaka 2023, maduka ya Booths ya kaskazini mwa Uingereza yalitangaza kuziondoa mashine hizo karibu kote, isipokuwa maduka mawili. Wateja walikuwa wamelalamika kwamba zinachelewesha na hazina utu. Walitaka kuhudumiwa na mtu.

Hapa Kenya, supamaketi ya Uchumi ilianza mwaka 1975, nyingine zikafuata. Nakumatt ilikua hadi kuwa na maduka zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Lakini iliposhindwa kulipa waliokuwa wakiiletea bidhaa, shelfu zilibaki tupu, na mwaka 2020 hadithi yake ikafika mwisho. Toroli zilikuwepo, lakini hazikuwa na cha kubeba.

TUTAFAKARI

Kwanza, huduma ni kugawana kazi. Kuna kazi ya kuchagua, kupima, kupiga hesabu, kubeba na kusubiri malipo. Duka likibadilisha huduma, kazi hizo haziishi. Zinahama tu. Kila mara tuulize: nani sasa anabeba, na amepewa nini badala yake? Saunders alimpa mteja kazi, akampa na bei nafuu. Kikundi kikimpa mteja kazi halafu bei ibaki ile ile, atakuwa ameongezewa mzigo bure. Ataenda zake.

Pili, Goldman hakuanza kwa kujenga. Alianza kwa kutazama miguu na mikono ya wateja wake. Aliuliza, "Anachokea wapi?" Wateja wetu wanachokea wapi? Pengine si kwenye kaunta. Pengine ni ule mlima kutoka dukani hadi nyumbani, na gorogoro mbili za mahindi kichwani na mtoto mgongoni. Kama ni hivyo, kutoa kaunta hakutamsaidia. Wilbaro moja au baiskeli yenye kerieli ndiyo toroli yetu.

Tatu, toroli ilitengenezwa ili mteja anunue zaidi. Kikapu kizito kilikuwa kama kengele, kikikuambia, "Mama, umetosha." Toroli imenyamazisha kengele hiyo, na wewe unasikia uzito ukifika kwa keshia tu. Anayeingia supamaketi bila orodha na bila hesabu anaweza kutoka na biskuti na mafuta ya nywele, na karo ya shule imepungua.

Nne, kuna binadamu. Huduma ya kujichukulia inamfaa anayejua kusoma na mwenye macho mazuri. Shosho asiyejua kusoma bei anahitaji mtu wa kumwambia ukweli. Na yule kijana anayeuza dukani pia ni mtu wa kikundi. Papa Yohane Paulo II alifundisha katika barua yake ya mwaka 1981, Laborem Exercens, kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Tukipunguza kazi ya kaunta, tumpe kijana huyo kazi nyingine ya maana.

TUTENDE

1. Fanyeni utafiti wa wiki moja. Muuzaji aandike kwenye daftari kila kitu ambacho mteja alitaka akakiacha, na sababu: hakipo, ni ghali, ni kizito, au alichoka kungoja. Sababu inayorudi mara nyingi ndiyo ya kurekebisha kwanza.

2. Pigeni hesabu kabla ya kuamua. Tuseme wateja 20 kwa siku wanaacha kitu kimoja kwa sababu ya uzito, na kila kitu kingewapa faida ya shilingi 10. Hiyo ni shilingi 200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 5,200. Mkimlipa kijana mwenye baiskeli shilingi 2,400 kwa mwezi apeleke mizigo siku tatu kwa wiki, na wateja hao wakinunua kweli, mnabaki na shilingi 2,800. Huu ni mfano wa hesabu tu. Wekeni nambari zenu wenyewe.

3. Msitoe kaunta yote mara moja. Sabuni, kiberiti, chumvi na majani chai vinaweza kukaa kwenye shelfu wazi, mahali muuzaji anapaona. Vitu vya kupimwa, kama sukari na mafuta, vibaki nyuma ya kaunta. Baada ya mwezi hesabuni mali. Ikiwa hasara ya kupotea inazidi faida iliyoongezeka, rudisheni vitu kaunta.

4. Andikeni bei ya kila kitu kwa herufi kubwa. Hii haina gharama, na inaondoa ile shaka kwamba mke wa mwenyekiti anauziwa bei nyingine. Asiyejua kusoma asomewe kwa heshima, bila kuchekwa.

5. Mizani ikaguliwe na maofisa wa vipimo. Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinaanza kwa kutuonya kwamba Mungu anachukizwa na mizani ya uongo. Supamaketi inatuzidi kwa mengi, lakini kwa uaminifu haitushindi tukitaka.

6. Deni liandikwe na liwe na kiwango. Maduka ya kujichukulia yalikataa deni kabisa. Sisi tunajuana, na kuna siku jirani amelala na mgonjwa hospitalini. Kikundi kikubaliane: ni kiasi gani, kwa siku ngapi, na nani anaidhinisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na wale wanaowaletea bidhaa walipwe kwa wakati, shelfu zisije zikakauka.

7. Tununue pamoja. Tuseme robo kilo ya sukari ni shilingi 60 na kilo nzima ni shilingi 200. Anayenunua robo nne amelipa shilingi 240, yaani amepoteza shilingi 40 kwa kukosa pesa za mara moja. Kikundi kinaweza kununua gunia la sukari, au belo la unga la paketi 12 za kilo mbili, na kugawana kwa bei ya jumla.

8. Ukienda mjini, nenda na orodha na pesa za orodha hiyo. Vitu vichache, chukua kikapu cha mkononi, uache toroli. Ongeza nauli ya matatu kwenye bei, ndipo useme supamaketi ni rahisi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Mteja wa duka letu anabeba kazi gani ambayo sisi tungeweza kumpunguzia?

Je, kuna kazi tumempa bila kumpa chochote badala yake?

Nani hapa kijijini haji dukani kwetu kabisa? Ni nani ataenda kumuuliza sababu, bila kugombana naye?

Goldman alitumia watu kuonyesha wengine njia. Sisi wanakikundi wenyewe, je, tunanunua kwenye duka letu? Wasipotuona sisi tukinunua hapo, nani atatuamini?

Kazi ya nyumbani: katibu afungue daftari la "vilivyoachwa" kesho asubuhi, na mkutano ujao uanze kwa kusoma daftari hilo, kabla ya mtu yeyote kutaja ujenzi. Biashara haigombi. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.