Vim kwenye laptop ya mitumba: kuutayarisha msimbo wake kwa mfumo mwingine

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Habari hiyo iligusa nyumba nyingi za mtaa wa Hewa Bora, kwa sababu wanafunzi wengi wa Lubumbashi wanasomea kwenye laptop za mitumba, na mashine za zamani kama hizo mara nyingi hazina chipu ya TPM 2.0 inayodaiwa na Windows 11. Mwenye mashine kama hiyo anaweza kubaki na mfumo usiopata tena marekebisho ya kawaida ya usalama, au akahamia Linux. Kwa wanaohama, wasiwasi mmojawapo ni kihariri cha maandishi: je, kile nilichozoea kuandikia programu zangu kitafanya kazi upande wa pili?

Kama kihariri chako ni Vim, kitafanya kazi, na unaweza kukijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Lakini nianze na ushauri wa kukupunguzia kazi. Ukitaka Vim ya kawaida tu kwenye Debian au Ubuntu, andika sudo apt install vim, basi. Ile inayokuja na mfumo huwa ni vim-tiny, toleo lililopunguzwa hadi likakosa hata rangi za msimbo, na wengi wakiiona hudhani Vim yote ndiyo hiyo. Kujenga kutoka kwenye msimbo kunamfaa anayetaka Python ndani ya kihariri, anayetaka toleo jipya zaidi, anayejifunza lugha ya C, au anayetaka kumtengenezea rafiki nakala ya Windows akiwa kwenye Linux yake.

Vim yenyewe ni mtoto wa kuhamahama. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitengeneza kwa ajili ya kompyuta yake ya Amiga na kuitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka uliofuata ikawa tayari inatumika kwenye Unix. Mwaka 1994 alifanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, kama mhandisi wa maji na usafi, na baadaye akaanzisha shirika la ICCF Holland kuwasaidia watoto wa huko. Ndiyo maana ukifungua Vim bila faili unaweza kuona mstari unaokuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1 lililotoka Januari 2024 liliwekwa wakfu kwake.

Alama za safari hiyo ziko ndani ya folda ya src. Utakuta os_unix.c, os_win32.c, os_amiga.c na os_vms.c, kila moja ikishughulikia mambo ya mfumo wake: kusoma kitufe, kuita programu nyingine, kujua ukubwa wa dirisha. Sehemu kubwa iliyobaki ni ya wote. Kwa hiyo unapohamisha Vim huandiki msimbo upya. Kazi yako ni kuhakikisha msimbo umeijua vizuri mashine uliyopo sasa, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama.

Tuanze na namna ya kuupata msimbo. Historia yote ya Vim ni nzito, na mega hazipatikani bure, kwa hiyo chukua toleo la mwisho peke yake:

git clone --depth 1 https://github.com/vim/vim.git

Ukiletewa na rafiki kwenye fleshi, mwombe akupe faili moja iliyofungwa ya tar.gz, na uifungulie kwenye diski ya Linux, si kwenye fleshi. Hili lina sababu. Fleshi nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haihifadhi ruhusa za kuendesha faili wala viungo kati ya faili. Na kama msimbo ulipitia kwenye Windows, mwisho wa kila mstari unaweza kuwa umeongezewa alama isiyoonekana. Ukiendesha configure utaambiwa kwamba /bin/sh^M haipo. Hiyo ^M ndiyo alama yenyewe. Linux inaisoma kama sehemu ya jina la programu. Usihangaike kuisafisha faili kwa faili. Tafuta nakala iliyofungwa ambayo haikufunguliwa kwenye Windows.

Angalia pia saa. Laptop ya mitumba mara nyingi betri yake ndogo ya ubao mama imekufa, na kila ikizimwa kabisa inarudi miaka nyuma. Git itakataa cheti cha tovuti kwa kuona muda wake haujaanza, na make itatoa onyo la “Clock skew detected”. Usilipuuze onyo hilo. Make huamua faili ipi ijengwe upya kwa kulinganisha nyakati, kwa hiyo saa ikidanganya, kazi yote inaweza kuharibika. Andika date, soma jibu, rekebisha kwanza.

Sasa weka vifaa vya kazi:

sudo apt install gcc make libncurses-dev python3-dev

Kisha ingia vim/src na uendeshe:

./configure --prefix=$HOME/.local --with-features=huge --enable-python3interp=yes --enable-fail-if-missing

Mistari itapita kwa kasi, na hapa nakusihi utulie. Kila mstari unaoanza na “checking” ni swali ambalo configure inaiuliza mashine: una kikompaili? maktaba ya terminali ipo? namba zako zina ukubwa gani? Majibu yanaandikwa kwenye folda ya auto: config.h ndiyo inayosomwa na msimbo wa C, config.mk ndiyo inayosomwa na make, na config.log inaweka mazungumzo yote neno kwa neno. Kosa maarufu kwa mgeni ni lile la tgetent, linalomalizikia kwa kukuambia usakinishe maktaba ya terminali kama ncurses. Hilo ni kosa jepesi, maana limejitaja lenyewe: libncurses-dev haipo.

Linalosumbua zaidi ni lile lisilojitaja. Kwa kawaida configure ikikosa maktaba ya kitu cha ziada haipigi kelele; inakiacha kitu hicho na kuendelea. Unamaliza kujenga, unafurahi, kisha unagundua Python haimo. Ndiyo maana nimeweka --enable-fail-if-missing mwishoni: inailazimisha configure isimame pale ulichokiomba kwa jina kinapokosekana. Kwa mambo ambayo hukuyataja, hakuna wa kukuonya. Kunakili maandishi kutoka Vim kwenda programu nyingine za dirisha, kwa mfano, kunahitaji libx11-dev na libxt-dev ziwepo kabla ya configure. Zikikosekana utapata Vim nzima isiyo na uwezo huo.

Baada ya hapo andika make. Umeme ukikatika na betri haishiki, usianze upya. Mashine ikiwaka, rudi src na uandike make tena, itaendelea ilipoishia. Tatizo moja huweza kubaki: faili iliyokuwa ikiandikwa wakati wa kuzimika inaweza kuwa tupu, na mwishoni kiunganishi kikalalamika kwamba haitambui aina yake. Faili hizo ziko kwenye folda ya objects, na amri hii inazifuta zilizo tupu:

find objects -size 0 -delete

Andika make mara nyingine. Ikikataa bado, make clean itakurudisha mwanzo wa ujenzi bila kugusa majibu ya configure.

Kabla ya kusakinisha, andika ./vim --version. Utaona orodha ndefu ya majina yenye + au - mbele yake. Tafuta +python3 na +clipboard. Ukiona alama ya kutoa, fungua auto/config.log, tafuta jina la kile kilichokosekana, na utaona swali lililoulizwa na jibu lililotolewa. Ukiridhika, make install itaweka kila kitu ndani ya .local nyumbani kwako bila kuhitaji nenosiri la msimamizi. Kwenye Debian, toka kwenye akaunti na uingie tena ili folda ya .local/bin itambuliwe.

Kosa ambalo ningependa kila msomaji alikwepe ni hili: kubeba folda iliyokwisha kusanidiwa kutoka mashine moja hadi nyingine. Mwenzako amejenga Vim kwenye Ubuntu, anakupa folda yote, nawe unaandika make kwenye Debian ya zamani. Ndani yake kuna auto/config.cache iliyojaa majibu ya mashine yake. Configure ikiikuta haiulizi tena, inakopa majibu ya zamani. Matokeo yake ni makosa yasiyoeleweka, au Vim inayokubali kujengwa kisha inaanguka inapofunguliwa. Dawa ni amri moja kabla ya jambo lolote:

make distclean

Halafu endesha configure upya kwa chaguo zilezile. Hata ukiwa umeongeza maktaba kwenye mashine ileile, fanya hivyohivyo. Na anayejenga kwa mifumo zaidi ya mmoja kutoka kwenye msimbo mmoja atumie make shadow: inatengeneza folda ya pembeni yenye viungo vya kuelekea msimbo uleule, na kila mfumo unabaki na majibu yake.

Kibodi nayo ina neno lake. Nyingi za laptop zetu ni AZERTY, na Vim ilizaliwa kwenye QWERTY. Nukta pacha inayofungulia amri iko wazi kwenye AZERTY, hiyo ni nafuu, lakini mabano ya mraba yanataka AltGr, na Ctrl pamoja na ] ndiyo njia ya kawaida ya kufuata viungo ndani ya msaada wa Vim. Weka mstari huu kwenye faili ya .vimrc nyumbani kwako:

nnoremap ù <C-]>

Kitufe cha ù hakina kazi nyingine ndani ya Vim, nacho kiko karibu na kidole kidogo cha mkono wa kulia. Hakikisha tu terminali yako inatumia UTF-8. Ndivyo hata é na ç za Kifaransa tunazochanganya na Kiswahili kila siku zitakavyoandikika bila kuharibika.

Imebaki nakala ya Windows kwa rafiki. Hapa configure haihusiki kabisa, kwa kuwa ingeiuliza Linux yako maswali yanayohusu mashine nyingine. Vim ina faili maalumu za kazi hiyo. Sakinisha mingw-w64, kisha ndani ya src:

make -f Make_ming.mak CROSS=yes CROSS_COMPILE=x86_64-w64-mingw32- ARCH=x86-64 GUI=no

Utapata vim.exe. Mpe pamoja na folda ya runtime, na kwenye Windows yake aelekeze VIMRUNTIME kwenye folda hiyo. Bila hivyo atakosa rangi za msimbo na kurasa za msaada. Windows ikimjibu kwamba programu haiendani na mashine yake, huenda mfumo wake ni wa biti 32. Fanya kazi hiyo kwenye nakala nyingine ya msimbo, safi, ukiweka i686-w64-mingw32- mahali pa kiambishi kile na ARCH=i686, ili vipande vya biti 64 visichanganyike na vipya.