Mtoto Akirudi Nyumbani Amelewa

Akibisha hodi saa tano usiku huku anapepesuka, usimwulize alikuwa wapi wala na nani. Mlevi hana jibu la maana, nawe kwa hasira uliyonayo hutalisikia hata akilitoa. Kesi ni ya kesho. Usiku huu mna kazi moja tu, kuhakikisha kwamba kunakucha naye yu hai.

Huku kwetu Voi, na Mwatate, na Taveta, kijana akiletwa na wenzake hajitambui, maneno ya kwanza nyumbani huwa ni "mwacheni alale, itamtoka." Haimtoki upesi hivyo. Ini huondoa pombe polepole, takriban nusu chupa ya bia kwa saa nzima. Tena kile alichobugia mwisho bado kiko tumboni kinaingia kwenye damu, kwa hiyo saa nane anaweza kuwa na hali mbaya kuliko alipofika mlangoni. Ndivyo wengine wanavyokufa usingizini huku watu wa nyumbani wakisikia mkoromo na kudhani ni wa uchovu.

Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, uso uelekee chini kidogo ili akitapika matapishi yatoke nje. Usimlaze chali. Kahawa nzito, ndimu na ndoo ya maji kichwani havipunguzi pombe hata tone. Maji hayo humzidishia baridi mwili ambao umeshaanza kupoa. Usimtie kidole kooni ili atapike, atapaliwa. Mfunike, kisha keti naye. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya nane, au akikaa sekunde kumi bila kuvuta, au ukimfinya asishtuke, au kucha na ndani ya midomo vikageuka kijivu au bluu, au degedege ikaanza, tafuta gari hapo hapo. Gari, si bodaboda: aliyezirai hawezi kushikilia, na shingo yake haina wa kuizuia. Hospitali ya Moi iko Voi mjini, walio milimani wana Wesu pale Wundanyi, na Mwatate na Taveta kuna hospitali zao. Ukifika sema kweli alichokunywa: chupa ya dukani, mnazi, mbangara, chang'aa, na kama alitafuna kitu. Wazazi wengi huona haya na kusema ni malaria, daktari akapoteza muda kwa kupima kisichokuwepo. Mwombe pia ampime sukari, kwa maana pombe huishusha, hasa kwa kijana aliyeshinda na njaa.

Kuna hatari nyingine, nayo huja baadaye. Amelala, ameamka, mmeshapumua. Kisha mchana anasema haoni vizuri, tumbo linamkata na anahema mbio. Huo si uchovu wa pombe. Ni dalili za methanoli, sumu ambayo mnywaji hawezi kuitambua kwa ladha wala harufu. Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwaka 2000, pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu 100 na kupofusha wengine. Februari 2024 ikaua tena Kirinyaga. Hospitalini dawa ya kuizuia ipo, lakini hufaa kabla sumu haijafika machoni.

Sasa hiyo kesho. Subiri ameshakula, mkae wawili bila mjomba wala jirani wa kushuhudia. Fimbo iache. Sisemi hivyo kwa ulaini: mtoto aliyechapwa kwa sababu ya pombe hujifunza kutorudi nyumbani akiwa amelewa, na wewe ulitaka arudi. Madaktari wa watoto wa Boston, Marekani, wana maswali sita wanayowauliza vijana, na kwetu yanafaa bila kubadilishwa sana. Umewahi kupanda gari au pikipiki ambayo dereva wake, au wewe mwenyewe, alikuwa amelewa? Huwa unakunywa ili utulie, au ukubalike na wenzako? Huwa unakunywa ukiwa peke yako? Umewahi kusahau uliyofanya ulipokuwa umelewa? Ndugu au rafiki ameshakwambia upunguze? Umewahi kuingia matatani kwa sababu hiyo? "Ndiyo" mbili zinatosha kumpeleka kwa mtaalamu. Mimi ningetazama zaidi lile la peke yake. Anayekunywa na wenzake huenda anatafuta wenzake. Anayejifungia na chupa ameshaanza kuitafuta chupa yenyewe.

Usimlinganishe na babu aliyekunywa mbangara miaka sitini akazikwa na meno yake. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, na sehemu inayochelewa ndiyo ile ya kujizuia na kupima matokeo. Pombe ikiingia mapema huharibu kumbukumbu na kuuzoeza ubongo raha ya haraka. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15, takriban 4 kati ya 10 walifikia uraibu wakati fulani maishani. Waliosubiri hadi 20 au zaidi, ni kama 1 kati ya 10. Basi hata kumcheleweshea miaka miwili si kazi bure. Ndiyo maana sera ya taifa letu ya mwaka 2025 ilipendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21.

Vijana wengi hawajafika kunywa kila siku. Hunywa kwa fujo Jumamosi, na hao huhitaji ushauri nasaha na mtu wa kuwafuatilia. Lakini kama wako hunywa kila siku na asubuhi mikono humtetemeka mpaka apate kidogo, usimfungie chumbani ili "aache." Ndani ya siku moja huanza jasho, kutapika na kukosa usingizi, siku ya pili degedege inaweza kuja, ya tatu huweweseka na kuona wasiokuwepo. Arosto ya pombe huua. Hospitalini hupewa dawa za kumtuliza na vitamini B1, akashuka taratibu. Akihitaji kulazwa kwenye kituo cha urekebishaji, uliza kwanza kama kina leseni ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Pwani kuna kile cha Miritini, Mombasa. Kituo kinachokataa usimwone mtoto wako, au chenye minyororo, mtoe humo. Mchungaji na imamu wana nafasi yao, ila si badala ya daktari.

Kisha uliza pombe yenyewe inatoka wapi. Mji wetu wa Voi uko kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, malori yanalala hapa na Maungu, na palipo na madereva wa safari ndefu hapakosi kinywaji usiku kucha. Kijana wa Kasighau au Kamtonga akiokota jiwe zuri mgodini hulipwa taslimu siku hiyo hiyo, bila mtu wa kumwuliza pesa zinakwenda wapi. Anayetafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, mchana hunywa usiku ili handasi, ule mchangamko wake, imtoke apate usingizi, kwa hiyo ukishughulikia kimoja na kingine shughulikia. Mei 2024 kaunti yetu chini ya Gavana Andrew Mwadime iliungana na Mombasa na Kilifi kuizuia muguka, mahakama ikasimamisha. Kwa pombe hatuhitaji hata sheria mpya: ile ya 2010 inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, na inataka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Pita stendi saa nne asubuhi ujionee.

Tunajua nyumba zinazouza. Nenda kwa chifu pamoja na wazazi wengine watatu wanne. Mmoja huitwa mchochezi, watano ni baraza. Na baba, acha kumtuma kijana akuletee chupa, maana muuzaji aliyezoea kumpa yako hatakataa kumpa yake. Ukikwama, piga 1192, ni NACADA na simu haitozwi. Namba 116 ni ya watoto wenyewe, hupokelewa usiku na mchana. Mpe mwanao aihifadhi hata kama hanywi.