Chakula cha Mifugo Huharibikia Ghalani

Katika Kitengela na Kajiado wafugaji wengi wa kuku na ng'ombe wa maziwa hutegemea chakula cha dukani. Bei yake si ndogo, na gunia zuri laweza kuharibika kabla ya kufunguliwa.

Adui mkubwa ni unyevu. Udongo mweusi wa Kitengela hushika maji wakati wa masika, na gunia lililolazwa chini huyanywa. Juu nako kuna mabati: mchana huwaka, usiku hupoa, na jasho lake hudondokea magunia. Unyevu ukizidi sehemu 13 katika 100, kuvu huweza kuota. Kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, isiyoonekana kwa macho. Kuanika juani hukausha chakula, bali hakuondoi sumu yote. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Ng'ombe aweza kuonekana mzima, kumbe sehemu ya sumu yapita katika maziwa wanywayo watoto.

Basi magunia yapangwe juu ya chaga za mbao, yasiguse ukuta, na la zamani litumiwe kwanza. Mtu asinunue cha miezi mingi, maana joto hupunguza vitamini, na mafuta huchacha hata penye ukavu. Kilichoota kuvu kisichanganywe na kizuri, wala asitupiwe mbwa, ambaye sumu hii humwua upesi.