Nusu Mstari Uliopotea: Mashine za Kale za Michezo na Televisheni za Leo

Mashine ya michezo ya video ya miaka ya 1980, kama NES iliyouzwa na Nintendo nchini Marekani tangu 1985, ikiunganishwa na televisheni ya leo hutoa picha iliyofifia, yenye kingo zinazochezacheza. Tena, mchezaji hubonyeza kitufe sasa, na Mario huruka baadaye kidogo, akiwa amekwisha kutumbukia shimoni. Watu wengi husema kwamba mashine imechakaa. Aghalabu sivyo. Kilichobadilika ni namna televisheni inavyoisoma ishara.

Katika televisheni za zamani, zile zinazoitwa za chogo, mwonzi wa elektroni ulichora picha mstari kwa mstari. Kwa mfumo wa Marekani na Japani picha kamili ina mistari 525, nayo hutumwa kwa nusu mbili: kwanza mistari witiri, kisha mistari shufwa. Basi kila nusu ina mistari 262 na nusu, na nusu hiyo ya mstari ndiyo inayoifanya nusu-picha ya pili ikae katikati ya mistari ya ile ya kwanza. Wahandisi wa mashine za michezo waliiondoa. NES hutuma mistari 262 kamili, na kati ya hiyo 240 ndiyo yenye picha. Kila picha huangukia palepale ilipoangukia iliyotangulia, nayo ni picha nzima, mara 60 hivi kwa sekunde. Televisheni ya chogo haikuhitaji kufahamu lolote. Mwonzi ulifuata amri tu.

Televisheni ya leo hufikiri, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Nyingi huzidhani picha mbili zinazofuatana kuwa nusu za picha moja, zikazisuka pamoja. Kitu kinachokwenda mbio huota meno kama ya kitana. Kivuli ambacho mtungaji wa mchezo alikionyesha katika picha moja na kukificha katika inayofuata, ili jicho likione kama kitu chenye kupenya nuru, hugeuka milia au hutoweka kabisa. Isitoshe, kusuka kunahitaji kungoja: kila picha inayowekwa akiba hugharimu sehemu moja ya 60 ya sekunde, yaani milisekunde 17 hivi.

Tiba huanza na waya. Waya wa manjano hubeba mwangaza na rangi kwa pamoja, na kipokezi hakiwezi kuvitenganisha barabara; ndiyo maana kingo za herufi hupata rangi zisizo zake. Mega Drive ya Sega (1988) yaweza kutoa nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa njia yake, jambo ambalo plagi ya SCART yenye asili ya Ufaransa ililirahisisha. NES haina njia hiyo mpaka ifunguliwe na kurekebishwa.

Kisha huhitajika kifaa cha kuzidisha mistari, ambacho huitambua ile mistari 262 na kurudia kila mmoja papo hapo, bila kungoja picha nzima. Hapa hesabu ndogo hutawala. Televisheni yenye mistari 720 hugawanyika kwa 240 mara 3. Yenye 2160, mara 9. Lakini 1080 ni mara 4 na nusu: mistari mingine hurudiwa mara 4, mingine mara 5, na matofali ya ukuta mmoja hutofautiana unene. Afadhali kuzidisha kwa 4 na kuacha mistari 120 ya kioo ikiwa myeusi, au kwa 5 na kukata mistari 24 ya awali. Njia hii ya pili haina hasara kubwa kama inavyodhaniwa, kwani televisheni za chogo zenyewe zilificha kingo za picha. Upana nao ubaki katika uwiano wa 4 kwa 3, la sivyo Mario atanenepa.

Bunduki ya mchezo wa Duck Hunt haitibiki kwa njia hizi. Jicho lake hutafuta nuru kiooni mara tu kitufe kinapovutwa, na nuru ya televisheni ya leo hufika ikiwa imechelewa.