Shaka na Dawa Yake

Amma baad. Vijana wengi wa zama hizi wamesoma elimu za namna nyingi, kisha nyoyo zao huuliza, "Tumeumbwa kwa nini?" nao huona haya kuuliza mbele za watu, wakidhani wamekwisha kukufuru.

Jueni ya kuwa Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, alipatwa na shaka hata katika yale aliyoyaona kwa macho, karibu miezi miwili. Hakupona kwa hoja, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Kisha katika mwaka 488 Hijria (1095), alipokuwa akisomesha Baghdad, alipima nia yake akaona yataka jaha na sifa. Ulimi ukafungika, matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Akaacha cheo, akaenda Sham kuitia nafsi yake adabu.

Na Masahaba walimshitakia Mtume (S.A.W.) mawazo waliyoona ni mazito kuyatamka, akawaambia kuchukia kwao ndiyo imani iliyo wazi.

Basi wasiwasi uchukiwao na moyo si ukafiri. Shaka iliyoridhiwa ndiyo iangamizayo. Mwenye kupatwa nayo na awaulize wenye elimu, na aitengeneze nia yake. Wallahu aalam.