Gitaa Hilo Usiliuze Kwanza

Mdogo wangu, gitaa hilo usiliuze kwanza. Najua mhubiri wa kambi alifoka, najua ulilia, na najua wenzako wawili walisimama mbele ya kundi zima wakafuta nyimbo zote za roki kwenye simu zao, wakapigiwa vigelegele. Bado nakwambia ngoja. Wanaofuta kwa hofu siku ya Jumapili nawafahamu. Alhamisi wanazipakua tena usiku, wamejifunika shuka gubigubi, na safari hii wanasikiliza kwa aibu. Aibu hiyo ndiyo inayowatoa kanisani. Mtu akishajiona mnafiki huanza kukwepa ibada, kisha huwakwepa watu wa ibada, na baadaye utamsikia akilalamika kwamba Mungu amemtupa.

Wengi mnaoniandikia kuhusu jambo hili mko kidato cha tano na sita, au ndiyo kwanza mmeingia chuo. Mmelelewa na vyama vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA au CASFETA, mmeimba kwaya tangu mkiwa watoto, halafu siku moja mkasikia gitaa la umeme likilia na mtu mwenye jaketi la ngozi akimtaja Mungu. Moyo ukaruka, na papo hapo ukaogopa kuruka kwake. Hamko peke yenu, na wala msijione wapotovu. Mkanganyiko huu ulikuwepo kabla mama zetu hawajazaliwa.

Waulize watu nani aliasisi roki, watakutajia Elvis Presley. Mimi nitakutajia dada wa kanisani. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, Arkansas, kule Marekani. Mama yake alikuwa mwinjilisti wa Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste, na binti alikuwa akipiga gitaa kwenye mikutano ya mama yake tangu udogoni. Mwaka 1938 akapanda jukwaa la Cotton Club, klabu ya usiku ya New York, akawaimbia watu wenye glasi mkononi nyimbo alizozikuta kanisani. Waumini waliumia sana. Fikiria mwimbaji kiongozi wa kwaya yenu aonekane Ijumaa usiku akiimba tenzi kwenye baa! Lakini gitaa lile la umeme, jinsi alivyolichapa, ndilo lililowafundisha wengi. Wimbo wake Strange Things Happening Every Day, aliourekodi mwaka 1944, huhesabiwa na wajuzi wengi kati ya rekodi za mwanzo kabisa za muziki huu. Kwa hiyo mtu akikwambia roki ilitoka kuzimu ikalivamia kanisa, mpe shikamoo yake, kisha umweleze taratibu kwamba sehemu ya mlio huo ilitokea madhabahuni.

(Ninyi mnaolalamikia michango ya harusi, sikieni na hili: mwaka 1951 huyu dada alifunga ndoa yake ya tatu katika uwanja wa michezo wa Griffith, Washington, akauza tiketi, wakaja watu zaidi ya 20,000. Kamati ya harusi yenu ina huruma.)

Lakini sikupambii habari. Klabu zilimshangilia, baadhi ya wana wa kanisa walimnung'unikia, na alipofariki Philadelphia mwaka 1973 kaburi lake lilikaa miaka na miaka bila jiwe la jina. Rock and Roll Hall of Fame ilimkumbuka mwaka 2018. Nakueleza haya ili usije ukadhani kwamba ukisimama katikati utapendwa na pande zote. Kama ni wito wako kupiga gitaa hilo, piga, ila ujue kuna shangazi atakuombea kwa sauti ya juu kwenye maombi ya familia, na itakuuma.

Kisa kinachokaribiana na chako kuliko vyote kilitokea Dublin, Ireland. Bendi ya U2 ilianzia shuleni mwaka 1976. Wakaja kubaki vijana wanne, na watatu kati yao, Bono, The Edge na mpiga ngoma Larry Mullen, wakajiunga na kundi la Wakristo wenye moto lililoitwa Shalom. Walisoma Biblia na kusali pamoja, na ari yao ilikuwa ile ile mnayotoka nayo kwenye mkesha. Wa nne, Adam Clayton wa gitaa la besi, hakuwamo. Karibu na wakati wa albamu yao ya pili, October ya mwaka 1981, maneno yakaanza ndani ya Shalom: roki na Mungu haviendi pamoja, chagueni. The Edge akaamua kuacha bendi. Bono akasema huyu akiondoka na mimi naondoka. Wakaenda kumwambia meneja wao, Paul McGuinness, ambaye hakuwa mtu wa mikesha hata kidogo. Yeye akawakumbusha kwamba mikataba ya ziara imeshasainiwa, akataka kujua kama Mungu wao hupendezwa na watu wanaovunja makubaliano. Hapo huwa nacheka peke yangu. Wahubiri wote wale, halafu neno lililowarudisha kazini likatoka kwa mtu aliyekuwa analinda biashara yake.

Tazama basi walichofanya. Shalom waliiacha, imani hawakuiacha. Mwaka 1983 wakafunga albamu yao ya War kwa wimbo uitwao 40, walioutoa katika Zaburi ya 40. Kwa miaka mingi waliufungia maonyesho yao: wanamuziki wanashuka jukwaani mmoja mmoja, na watu wanatoka uwanjani wakiwa bado wanaimba zaburi, wengine hata hawajui kwamba ni zaburi. Kama The Edge angeondoka siku ile ya joto la moyo, nani angeutunga wimbo huo? Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Na mfikirie Adam Clayton, asiye na kosa, amekaa pembeni anangoja wenzake waamue maisha yake. Wewe pia una wenzako kwenye bendi yenu ya chuo. Hata ukiamua kuacha, waambie mapema, usiwaachie ujumbe wa WhatsApp usiku wa kuamkia onyesho.

Kuna binti ameniandikia kwamba anaupenda wimbo wa U2 wa mwaka 1987, I Still Haven't Found What I'm Looking For, lakini kila akiusikia anajiona anarudi nyuma, maana aliyeokoka angewezaje kusema bado anatafuta? Mpenzi wangu, umesoma Zaburi zote au zile za kwenye kadi tu? Daudi analia humo, analalamika, anamwuliza Mungu amejificha wapi, na hakuna aliyemfukuza kwenye kwaya. Bono, mwimbaji wa wimbo huo, mama yake alianguka kwenye mazishi ya babu yake, akafariki siku chache baadaye, mwaka 1974, kijana akiwa na miaka 14. Mwenye kovu usidhani kapoa. Anaendelea kutafuta huku anaamini, na wapo wengi wa hivyo kwenye benchi unalokalia, ila hawathubutu kusema. Wewe una shaka? Mweleze mtu mzima unayemwamini, wala usiifukie chini ya godoro. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa nitakuwa mkali kidogo, univumilie.

Ule msisimko unaokupanda mgongoni gitaa likipaa, usiuite Roho Mtakatifu kwa haraka. Unaupata kwenye roki, unaupata uwanjani timu ikifunga bao, na unaupata kwenye sifa na kuabudu kinanda kikishushwa na taa zikizimwa nusu. Umati ukiimba kwa sauti moja, mwili lazima usisimke, ndivyo tulivyoumbwa. Si dhambi, na wala si ushahidi wa lolote. Nakuuliza kuhusu siku ambayo umeme umekatika, simu imezima, na mama anaumwa chumba cha pili. Je, unajua kusali bila muziki? Kama hujui, hapo ndipo penye kazi, na kubadilisha orodha ya nyimbo hakutakusaidia.

Pili, msanii si mchungaji wako. Bob Dylan alipotoa Slow Train Coming mwaka 1979, albamu ya Kikristo waziwazi, kuna walioshangilia kama vile mbingu imefunguka, na kuna mashabiki wake wa zamani waliomzomea kwenye maonyesho. Ilipofika Infidels ya mwaka 1983 alikuwa ameshaanza kuimba mambo mengine, na walioegemeza imani yao kwake wakabaki wameduwaa. Mwaka 2003 maduka ya Kikristo ya Marekani yaliuza albamu ya Evanescence, halafu wanabendi wenyewe wakasema jamani sisi si bendi ya Kikristo, ikaondolewa kwenye rafu. Wimbo uliokugusa Machi haukugeuka sumu Aprili. Ila kama uliutegemea ukubebee imani, utaanguka nao.

Na hizo sauti mnazotumiana, eti wimbo fulani ni wa Frimasoni, ukiupiga kinyumenyume unasikia jina la shetani, naomba ziishie kwenye simu yako. Umemsingizia mtu usiyemjua, na umemtia mdogo wako wa darasa la sita hofu ya kulala peke yake. Kusingizia ni dhambi iliyoandikwa wazi, wala haihitaji kupigwa kinyumenyume.

Zipo nyimbo za kuacha, sikatai. Wimbo unaokuacha kila mara na hasira, unaokufanya udharau mwili wako au kutamani kufa, achana nao leo, hata kama kwenye kasha wameandika injili. Na ukiona giza hilo halitoki hata wimbo ukizimwa, usingoje toleo lijalo la gazeti. Mwamshe dada, mwamshe mama, nenda hospitali.

Nimalizie na wewe mwenye harusi ya Desemba, unayetaka kuingia kanisani na Hallelujah ya Leonard Cohen. Wimbo mzuri, sibishi. Lakini umesoma maneno yake? Cohen alikuwa Myahudi wa Montreal, akautoa mwaka 1984, na ndani yake kuna Daudi aliyemwona mwanamke akioga, kuna habari ya Samsoni aliyenyolewa nywele, na kuna mapenzi ya watu wazima yaliyovunjika. Neno lile moja la kuitikia limewapumbaza maharusi wengi. Mchungaji wako Kiingereza anakijua, nawe utakuwa umesimama mbele yake na shela. Mwombe mpiga kinanda aupige bila maneno ukumbini wakati wa kukata keki, kisha wa kuingilia kanisani umwachie mwalimu wa kwaya akuchagulie. Mwone wiki hii hii, maana Desemba kwaya zinagombaniwa.