Kumfundisha Mtoto Kuogelea: Tuanze na Hofu Yake

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika mtaa wa Nguvumali huenda akadhani kwamba, kwa kuwa Tanga ni mji wa pwani, kila mtoto wa darasa la nne anajua kuogelea. Dhana hiyo haina msingi. Watoto wa wavuvi hujifunza kwa kuigana wakiwa bado wadogo. Mtoto wa fundi cherehani au wa karani, hasa akiwa msichana, aweza kumaliza shule ya msingi akiwa ameiona bahari mara nyingi bila kupata kutia uso katika maji yake. Nyumbani ameonywa tu asiende. Onyo hilo lina haki yake, ila halitamsaidia siku atakapotumbukia.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, nalo hupendekeza watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe stadi za msingi za kuogelea na za kuokoa. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama na mamia ya watu wakapoteza maisha. Baadhi ya waliookolewa walikutwa wameshikilia magodoro. Mwalimu na alitafakari jambo hilo. Katikati ya mkondo hata mwogeleaji hodari hafiki mbali. Anayeweza kukaa juu ya maji na kungoja ndiye mwenye nafasi ya kuokolewa. Kwa hiyo andalio la somo letu la kwanza liandikwe lengo hili: mwanafunzi aweze kuelea chali.

Kinachomzuia ni hofu, na hofu hukaa mwilini. Mtoto aliyeogopa hukakamaa, huzuia pumzi na kuinua kichwa juu kadiri awezavyo. Kichwa kikiinuka, kiuno na miguu hushuka. Miguu ikishuka, naye huhisi anazama, na hofu huzidi. Kumwambia «usiogope» hakubadili lolote katika mfuatano huo. Yafaa aelezwe kwanza darasani, akiwa mkavu. Mwalimu achukue beseni la maji na chupa mbili za plastiki, moja tupu iliyofungwa kizibo, nyingine iliyojaa maji. Watoto wataona wenyewe ipi inaelea. Kisha waambiwe kwamba mapafu yao ni ile chupa yenye hewa, na kwamba maji ya bahari, yenye chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, humbeba mtu vizuri zaidi kuliko maji ya mto. Beseni hilohilo litumike siku zinazofuata: kila mtoto atie uso ndani, atoe pumzi kwa mapovu, ainuke, acheke. Tusiharakishe hapa. Wiki nzima ya beseni si wiki iliyopotea.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni methali njema kwa mtu mzima aliyeanza kujenga nyumba, lakini katika somo hili tuiweke kando. Mtoto aliyevua nguo kisha akasita aruhusiwe kuvaa tena na kukaa mchangani akitazama wenzake. Akijua kwamba anaweza kutoka wakati wowote, ataingia mwenyewe, pengine siku ya tatu. Wapo watakaotuambia kuwa wao walitupwa majini na wakajua. Tunawasadiki, ila waliotupwa wasijue hawapo kutusimulia.

Ufukweni, mwalimu asimame na mtoto mmoja katika maji yanayomfikia mtoto kiunoni. Amshike kisogo kwa kiganja kimoja na mgongo kwa kingine, masikio yake yawe ndani ya maji, macho yatazame mawingu. Amwambie avute pumzi, tumbo lijae. Mkono wa mgongoni ndio utangulie kuondolewa, tena kwa kumwarifu. Kuuondoa kwa hila ni kuvunja ahadi, na mtoto hasahau. Wa kisogoni ufuate siku nyingine. Kupiga miguu na mikono huja kwa urahisi baada ya hapo, na hatuna sababu ya kulieleza kwa urefu.

Kuhusu wasichana, wazazi wengi wa pwani huuliza juu ya mavazi na juu ya nani atafundisha. Maswali hayo yajibiwe kwa heshima katika kikao cha wazazi kabla ya somo. Huko Zanzibar, Mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana na wanawake wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima, na waliofundishwa huwafundisha wengine. Mwaka 2016 wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini walikuwa wakijifunza kuelea, kuogelea na kuokoa katika ufuko wa Muyuni. Lililowezekana Muyuni linawezekana Tanga.

Saa ya somo huamuliwa na bahari, wala si ratiba ya shule. Wakati wa bamvua maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mahali palipomfikia mtoto magotini, saa nne baadaye panaweza kumfunika. Mvuvi mzee wa pale aulizwe kwanza juu ya mkondo, na kama mwalimu mwenyewe hajui kuogelea, huyo mvuvi au mwogeleaji mwingine stadi awemo majini katika kila kipindi. Bila yeye somo lisifanyike. Watoto waingie wanne tu kwa zamu, kila mmoja na mwenzake wa kumwangalia, kwa sababu anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Ufukweni liwepo dumu tupu la lita tano, limefungwa kifuniko na kamba ndefu. Kila mtoto, hata yule ambaye bado amekaa mchangani, afundishwe kulirusha kwa aliye taabuni na kuita mtu mzima, bila yeye mwenyewe kuingia.